Nani Alihesabu, na Alihesabu Nini? Takwimu katika Tasnifu za Uzamivu kuhusu Kiswahili na Jamii



Mada niliyoichagua huenda ikawashangaza wale wanaonijua kama mtu wa sarufi, kwani nakusudia kuzungumzia namba. Sababu yangu ni hii. Wanafunzi wanaotaka kusomea uzamivu kwa kuchunguza lugha na jamii kwa njia ya takwimu hunijia wakiwa na pendekezo lenye sampuli, hojaji na jina la programu ya kompyuta itakayochambua majibu. Na ninapowauliza kwa nini wamechagua njia hiyo, wengi hunijibu kwamba namba haidanganyi. Upande wa pili wapo waliolelewa katika fasihi na sarufi, ambao wakiona jedwali hugeuza ukurasa. Makundi haya mawili yanafanana kuliko yanavyodhani. Yote mawili huipokea namba kana kwamba imeshuka ikiwa imekamilika, hawa wakiiheshimu kupita kiasi na wale wakiikimbia.

Hoja yangu ni kwamba, katika taaluma yetu, kila namba ilitanguliwa na uamuzi wa lugha: neno gani litumike kuuliza, nani ahesabiwe kuwa msemaji, kipande gani cha usemi kichukuliwe kuwa kimoja. Uamuzi huo ni kazi ya mwanaisimu. Akiuacha utafanywa na mtu mwingine, na sera zitajengwa juu yake, kama zilivyokwisha kujengwa. Nitaieleza hoja hii kwa kufuata historia, nikianzia mbali kidogo na pwani yetu, kwa kuwa zana tunazozitumia zilianzia huko.

Tasnifu mbili za New York

Mwaka 1932 Rensis Likert aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, tasnifu ya uzamivu kuhusu namna ya kupima mielekeo ya watu. Kabla yake njia iliyotawala ilihitaji jopo la waamuzi waliokaa na kuipa kila kauli uzito wake kabla haijapelekwa kwa watafitiwa. Likert alionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kurahisishwa: mpe mtu kauli, mpe ngazi tano za kuikubali au kuikataa, kisha jumlisha alama zake. Watafitiwa wake walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na kauli alizowapa zilihusu masuala ya nchi yao na siasa za kimataifa za wakati huo. Ngazi hizo tano ndizo zinazotukabili leo katika hojaji za Dodoma, Eldoret na Bujumbura. Wengi wanaozitumia hawajui kwamba zilizaliwa ndani ya tasnifu ya mwanafunzi ambaye hakuwa ametimiza umri wa miaka thelathini.

Zaidi ya miaka thelathini baadaye, katika chuo hichohicho, William Labov, aliyekuwa mkemia wa wino wa kuchapishia kabla ya kurudi masomoni, alikamilisha tasnifu yake chini ya usimamizi wa Uriel Weinreich. Ilikuwa mwaka 1964, na kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1966. Wanafunzi wa isimu-jamii wote wanaijua sura ya maduka. Labov alichagua maduka matatu makubwa, Saks, Macy's na S. Klein, yaliyotofautiana kwa bei na kwa hadhi ya wateja. Aliingia, akamwuliza mhudumu mahali bidhaa fulani ilipo, akijua kabisa kwamba ipo ghorofa ya nne. Jibu lilikuwa 'fourth floor', maneno mawili ambayo kila moja lina nafasi ya sauti r baada ya irabu. Kisha alijifanya hakusikia, mhudumu akarudia kwa uangalifu zaidi. Aliwapata wahudumu 264 kwa njia hiyo. Huko Saks asilimia 62 waliitamka r hiyo walau mara moja. Huko Macy's asilimia 51. Huko Klein asilimia 20 tu.

Sifa ya kazi hii haimo katika asilimia hizo. Imo katika maandalizi yaliyozitangulia. Labov alijua sauti gani inayobadilika, akajua neno gani litaitoa sauti hiyo bila mzungumzaji kushuku, na akawa na sababu ya kuyapanga maduka kwa ngazi kabla hajamsikia mhudumu hata mmoja. Peter Trudgill aliifuata njia hiyo kwa watu 60 wa Norwich, Uingereza, katika tasnifu ya mwaka 1971, na baada yake wengine wengi.

Hebu tujaribu kuileta nyumbani. Mwanafunzi wetu anaweza kwenda Kariakoo, akauliza bei ya kitu anachojua kinauzwa shilingi elfu thelathini, akajifanya hakusikia. Neno lenyewe ni zawadi kwa mtafiti, maana lina sauti th mara mbili, na kila mmoja wetu amesikia 'selasini'. Hadi hapo tumemfuata Labov vizuri. Ugumu unaanza tunapotaka kuwapanga wauzaji. Katika New York, ngazi ya duka iliwakilisha tabaka. Je, Kariakoo kinachotenganisha th na s ni tabaka? Mtu aliyepita madrasa akiwa mtoto amefundishwa kuitenga sauti hiyo herufi kwa herufi, hata kama leo anauza nyanya chini ya mwavuli. Na mwenye duka la jumla aliyekulia bara, mwenye mtaji mara mia ya huyo, huenda akasema s bila kujali. Atakayebeba safu ya 'tabaka' kutoka kitabuni na kuiingiza kwenye jedwali lake atapata matokeo, kwa sababu kompyuta haikatai kukokotoa. Lakini atakuwa amepima mgawanyiko wa mji mwingine.

Miaka ya uchunguzi mkubwa

Uamuzi uliokipa Kiswahili sanifu sura yake haukutokana na hesabu. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi, iliongozwa na hoja za utawala, za shule na za wamisionari. Hakuna aliyewahesabu wasemaji wa Kimvita, wa Kiamu na wa Kiunguja kisha akaamua kwa wingi wao.

Hesabu yenyewe ilikuja kwa kishindo mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Shirika la Ford lilipofadhili uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kila nchi ilipata kitabu chake. Cha Uganda, cha Ladefoged, Glick na Criper, kilitoka mwaka 1972. Cha Kenya, kilichohaririwa na Whiteley, kilitoka mwaka 1974, miaka miwili baada ya mhariri wake kufariki. Cha Ethiopia mwaka 1976, cha Zambia mwaka 1978. Cha Tanzania, cha Polomé na Hill, hakikutoka hadi mwaka 1980, takriban muongo mmoja baada ya kazi ya uwandani. Katika muongo huo kizazi kizima cha watoto wa Tanzania kilikuwa kimeanza na kumaliza shule ya msingi kwa Kiswahili. Wanafunzi wa uzamivu walionukuu majedwali ya kitabu hicho katika miaka ya 1980 kana kwamba ni picha ya nchi yao ya wakati ule walikuwa wakinukuu nchi ya wazazi wao.

Nataka kukaa kidogo kwenye kitabu cha Uganda. Waandishi wake waliuliza watu lugha gani wanaweza kuzungumza, na makadirio yao yalikuwa kwamba asilimia 39 waliweza kuzungumza kwa Kiganda, asilimia 35 kwa Kiswahili, na asilimia 21 kwa Kiingereza. Kwa hesabu ya vichwa, basi, Kiganda kilitangulia, ingawa kwa tofauti ndogo. Mwaka uliofuata, 1973, serikali ya Idi Amin iliitisha maoni ya wilaya kuhusu lugha ya taifa. Wilaya 12 zikachagua Kiswahili na 8 zikachagua Kiganda, na Amin akatangaza Kiswahili. Nchi ni ileile na lugha ni zilezile. Kilichobadilika ni kizio cha kuhesabia: kwanza alihesabiwa mtu, kisha ikahesabiwa wilaya, na mshindi akabadilika. Sisemi kwamba uamuzi wa Amin ulitokana na usahihi wa takwimu, maana sote tunajua namna utawala ule ulivyoamua mambo. Nasema kwamba mwanafunzi aliyezisoma namba hizi mbili bila kuuliza kizio ni nini angeweza kuandika sura nzima kuhusu 'mabadiliko ya haraka ya mielekeo ya lugha nchini Uganda', na sura hiyo ingekuwa hewa.

Neno ndani ya hojaji

Sasa turudi kwa Likert na ngazi zake. Tafsiri iliyozoeleka ni 'nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa'. Tazameni kitenzi kilichobeba mzigo wote. 'Kukubali' katika Kiswahili ni kuwa na maoni sawa na mwenzio. Ni kuridhia ombi. Ni kupokea posa. Ni kukiri kosa. Ni kutii amri. Mzee wa Pemba anayeambiwa na kijana aliyetoka chuoni, 'Kiswahili kitumike kufundishia sekondari: unakubali au hukubali?' huenda amesikia ombi, na mgeni muungwana hakataliwi ombi lake mlangoni. 'Sikubali kabisa' ni maneno ya ugomvi. Kwa hiyo safu ya mwisho ya jedwali hubaki karibu tupu, wastani hupanda, na tasnifu hutangaza kwamba wananchi wana mwelekeo chanya. Nimesoma tasnifu za aina hiyo nikiwa mtahini wa nje, na tatizo halikuwa la hesabu. Hesabu ilikuwa safi. Hojaji ilikuwa imebuniwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa usiku mmoja, na nakala ya Kiswahili, ambayo ndiyo watu walioisikia, haikuambatishwa popote.

'Lugha yako ya kwanza ni ipi?' ni swali jingine linaloonekana jepesi. Kijana wa Morogoro aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili mara nyingi atajibu Kiluguru, kwa kuwa amesikia ameulizwa asili yake. Neno 'kwanza' kwake limekuwa la heshima. Mtafiti alilikusudia liwe la wakati. Hapa hakuna uongo wowote wa mhojiwa. Amejibu swali alilolisikia.

Kisha lipo neno 'Mswahili' lenyewe. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandika Waswahili wapatao 110,000, na ile ya mwaka 2019 ikaandika kama 56,000. Hakuna aliyesikia msiba wa ukubwa huo Lamu wala Mombasa. Maelezo hayana budi kutafutwa kwenye orodha: nani amewekwa chini ya kichwa cha Waswahili na nani amepewa mstari wake mwenyewe, na mhojiwa, siku ile alipobishiwa hodi, alijiita nani. Mtu mmoja anaweza kuwa Mvita akiulizwa na mtu wa Mombasa, Mswahili akiulizwa na mtu wa Nairobi, na wala asijiite Mswahili mbele ya yule anayelitumia neno hilo kwa maana ya mjanja asiyeaminika. Wanahistoria na wanaisimu wamelijadili suala la 'Mswahili ni nani' kwa vizazi kadhaa. Karani wa sensa hulimaliza kwa dakika moja.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Sensa zilizofuata, hadi ile ya mwaka 2022 iliyohesabu watu 61,741,120, hazikuuliza. Sababu za kisiasa zinajulikana, na mimi ni mmoja wa wanaoziona kuwa na busara. Lakini lazima tukiri gharama yake kwa mtafiti: hakuna daftari la serikali linaloweza kumwambia wasemaji wa Kikwere au wa Kizinza ni wangapi. Sensa za mwaka 2002 na 2012 ziliuliza kama mtu anaweza kusoma na kuandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa zote mbili au kwa lugha nyingine, na hilo ni swali la kusoma, wala si la kuzungumza. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulijaribu kuliziba pengo hilo, na atlasi yake ya mwaka 2009 ilijengwa kwa kuwauliza wenyeji wa kila eneo. Ni kazi ya heshima. Yeyote anayeinukuu aseme kwamba ni makadirio ya wenyeji, aache kuiita sensa.

Asilimia ya Kiarabu

Hakuna namba iliyotumiwa vibaya katika taaluma yetu kuliko ile inayodai kupima Uarabu wa Kiswahili. Kwa wengine asilimia kubwa ilithibitisha kwamba lugha hii ni ya kigeni. Kwa wengine ilithibitisha ustaarabu wake. Na waliotaka kuutetea Ubantu wake walitafuta asilimia ndogo. Kila upande uliipata namba uliyoitaka, na naweza kueleza ni kwa nini kwa sentensi moja ya kawaida:

Watoto wawili walikwenda sokoni asubuhi kununua samaki.

Maneno ni saba. Matatu yana asili ya Kiarabu: soko, asubuhi, samaki. Tunapata asilimia 43, karibu nusu ya lugha. Sasa tuhesabu mofimu badala ya maneno: wa-toto, wa-wili, wa-li-kw-end-a, soko-ni, asubuhi, ku-nunu-a, samaki. Mofimu ni 16, na zenye asili ya Kiarabu ni zilezile tatu. Tunapata asilimia 19. Sentensi haijabadilika hata herufi. Anayehesabu vidahizo vya kamusi atapata jibu la tatu, kwa kuwa katika kamusi neno lililotumika mara moja katika hati ya mirathi lina mstari mmoja sawa na kitenzi 'kuwa'. Na anayehesabu hotuba ya kadhi hatapata sawa na anayehesabu mazungumzo ya wavuvi.

Wanaisimu linganishi walilishughulikia suala la nasaba kwa njia nyingine. Nurse na Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, walikiweka Kiswahili katika kundi la Kisabaki pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Walifanya hivyo hasa kwa mabadiliko ya sauti na ya maumbo yanayoshirikiwa na lugha hizo. Msamiati ulioazimwa ulipewa nafasi yake bila kuachwa uamue nasaba. Nasaba ya lugha haiamuliwi kwa kura ya maneno.

Kidato cha nne, mwaka 1984

Nafika sasa kwenye kisa ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu matokeo yake bado yamo katika madarasa yetu.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika shule za sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Mwaka 1983 serikali iliamua kutolifuata pendekezo hilo. Wakati huo huo wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na W. A. Dodd, walipewa kazi ya kuchunguza hali ya Kiingereza katika shule na vyuo vya Tanzania. Criper ni yuleyule tuliyemkuta Uganda. Walitumia majaribio ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi ndani ya kifungu cha habari, njia inayopima kama msomaji anaweza kuifuata maana ya matini kiasi cha kukisia neno lililoondolewa. Ripoti yao ilitoka mwaka 1984. Ilionyesha kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Zingatieni: kiwango cha kuanzia, kwa wanafunzi waliokuwa wakimaliza. Katika sampuli ya chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ndio ambao wangesoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi zaidi vilivyohitajika katika masomo yao.

Sijaona mahali popote ambapo uhalali wa vipimo hivyo ulipingwa kwa uzito. Ungetegemea basi kwamba hoja imekwisha. Lakini ripoti hiyohiyo ilipendekeza Wizara ithibitishe tena kuwa Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika sekondari na elimu ya juu, na kwamba ufundishaji wake uimarishwe. Na msaada wa Uingereza kwa kazi hiyo ukafuata. Wanataaluma wa Tanzania, miongoni mwao Casmir Rubagumya, Mugyabuso Mulokozi na Martha Qorro, waliichukua asilimia 10 ileile kuwa ushahidi kwamba Kiingereza kilikuwa kimekwisha kukoma kuwa lugha ya kufundishia, kibaki kisibaki kwenye waraka. Namba moja iliwahudumia mabwana wawili kwa uaminifu ule ule.

Iliwezekanaje? Jibu langu ni kwamba jaribio lile lilipima upande mmoja tu wa mizani. Lilieleza wanafunzi wanaelewa Kiingereza kwa kiasi gani. Halikuuliza wangeelewa jiografia au baiolojia kwa kiasi gani kama wangefundishwa kwa Kiswahili. Bila namba ya pili, ya kwanza inaweza kusomwa kama wito wa kuongeza vipindi vya Kiingereza au kama wito wa kukiondoa, na mwenye fedha ndiye huchagua. Penina Mlama na May Matteru walikuwa tayari wameingia madarasani kwa niaba ya BAKITA na kuchapisha mwaka 1978 hoja za kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Ushahidi wao wa wanafunzi waliofunguka mara mwalimu alipobadili lugha ulikuwa na nguvu, ila haukuwa katika umbo ambalo waandaaji wa bajeti hulitambua.

Ulinganisho wa pande mbili ulikuja baadaye sana. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA, ulioziunganisha Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulifundisha mada zilezile kwa madarasa tofauti kwa lugha tofauti. Mary Vuzo alipowasilisha tasnifu yake ya uzamivu huko Oslo mwaka 2007, kazi yake ilikuwa kulinganisha vipindi vya jiografia vilivyofundishwa kwa Kiswahili na vilivyofundishwa kwa Kiingereza. Hii ndiyo aina ya takwimu niliyotamani iwepo mezani mwaka 1983. Ilichelewa kwa zaidi ya miaka ishirini, na haikuchelewa kwa kukosekana kwa kompyuta. Ingeweza kufanywa kwa kalamu, chaki na madarasa mawili.

Alichorithi mwanafunzi wa leo

Mwanafunzi anayeanza uzamivu leo ana utajiri ambao kizazi changu hakikuuota. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani mkusanyiko wa matini kwenye kompyuta uliojengwa kwa juhudi za Arvi Hurskainen, ilianza kutolewa mwaka 2004 ikiwa na maneno yapatayo milioni 12.5, na toleo la pili la mwaka 2016 lina kama milioni 25. Swali lililohitaji mwaka wa kadi na masanduku hujibiwa kwa sekunde. Lakini sehemu kubwa ya matini hizo ni magazeti na vitabu. Ukiuliza upatanisho wa 'rafiki yangu' na 'rafiki wangu' utajibiwa na wahariri. Wachuuzi wa Lubumbashi, wanafunzi wa Kisangani na mama wa Kigoma anayepiga simu kwa nduguye wa Bujumbura hawamo, na hakuna wingi wa mamilioni unaoweza kuwaingiza.

Ndivyo ilivyo pia kwa namba tunayoipenda kuliko zote. UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, husema wasemaji ni zaidi ya milioni 200. Orodha ya Ethnologue, inayokitenga Kiswahili cha Kongo kuwa lugha yake yenyewe, imekuwa ikikipa Kiswahili idadi isiyofika milioni 100. Tofauti hii ya zaidi ya watu milioni 100 husomwa majukwaani kwa makofi. Ingefaa isomwe kama mada ya tasnifu. Anayeelewa taarifa ya habari lakini hajibu kwa Kiswahili ni msemaji? Anayekitumia sokoni kwa maneno mia mbili je? Na Kiswahili cha Kongo kimewekwa kando kwa kipimo gani, ikiwa Kiswahili cha Mtwara na cha Lamu vimeachwa pamoja?

Nina pendekezo moja kwa idara zetu, nalo halihitaji fedha. Tasnifu yoyote ya uzamivu yenye takwimu za lugha na jamii iambatishe hojaji katika lugha ambayo watu waliulizwa kwayo, neno kwa neno, pamoja na maelezo ya nani aliyeuliza, mahali gani, na mbele ya nani. Majibu ya 'sijui' na ya wale waliokataa kujibu yahesabiwe na yachapishwe, yasifutwe kama takataka. Data ghafi zihifadhiwe maktabani, ili mwanafunzi atakayekuja baada ya miaka thelathini aweze kuhesabu upya kwa kizio kingine. Siku hizi tasnifu nyingi za uzamivu kuhusu Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo ile hoja ya zamani kwamba watahini hawataielewa hojaji ya Kiswahili haina tena pa kusimama. Nimepata kuonyeshwa kabati la idara moja lililojaa hojaji za miaka ya 1970, zimefungwa kwa kamba za katani, majibu yakiwa yameandikwa kwa penseli. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi ukurasa wa tatu, pale yanapoanzia maswali ya lugha.